Chumba cha juu Colonia Guadalupe: miezi mitatu na nusu San Miguel de Allende, Mexico

Chumba hiki nakipa nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyopungua haimhusu mwenye nyumba hata kidogo. Nilikaa humo kuanzia tarehe 4 Januari hadi katikati ya Aprili, kodi peso 7,500 kwa mwezi. Peso moja nilikuwa naihesabu kama shilingi 180 za Uganda, kwa hiyo ni milioni moja na laki tatu na nusu hivi kila mwezi: chumba, choo na bafu vya peke yangu, ruhusa ya kutumia jiko, na intaneti. Kwa Kampala hiyo ni kodi ya nyumba nzuri yenye geti, najua. Someni kwanza.

Mimi ni mzaliwa wa Arua, naishi Ntinda, Kampala, kazi yangu ni kufasiri. Kazi yote inapita kwenye kompyuta, ndiyo maana niliweza kuihamisha. Tangu nirudi, kila Ijumaa baada ya swala kuna mtu ananivuta kando kuniuliza mambo mawili: nilipanga wapi, na je, Mwislamu anaweza kukaa mji wa makanisa vile bila kuteseka? Nimeona niandike mara moja, wote wasome.

Kufika huko sitakuchosha nako. Ubalozi wa Mexico hauko Kampala, tunahudumiwa na ule wa Nairobi, kwa hiyo nilipanda basi la usiku nikaenda na taarifa za benki na barua za wateja wangu. Mwenye viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au ile ya Schengen haombi nyingine kwa matembezi, na mgeni wa kawaida haruhusiwi kuzidisha siku 180. Kutoka Entebbe nilipitia Istanbul. Mexico City nikashuka na miguu imevimba, nikaenda kituo cha mabasi cha kaskazini, na baada ya saa nne hivi za barabara nikawa San Miguel.

Mji wenyewe uko jimbo la Guanajuato, mita kama 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kampala iko kama 1,200, kwa hiyo wiki ya kwanza kila mlima unakukumbusha mapafu yako. Ulianzishwa mwaka 1542 na mtawa Mfransisko, Juan de San Miguel, ukaitwa San Miguel el Grande. Mwaka 1826 wakauongezea jina la Ignacio Allende, aliyezaliwa hapo 1769 na kuuawa 1811 akipigania uhuru kutoka kwa Wahispania. Kuta ni za rangi ya haradali, ya udongo mwekundu, ya boga lililoiva. Milango ni ya mbao nzito, na ukipita mmoja ukiwa wazi unaona ua, chemchemi, maua ya bogenvilia, na paka amelala. Barabara ni za mawe. Tangu 2008 mji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Katikati, mbele ya bustani wanayoiita El Jardín, kuna kanisa la Parroquia lenye minara ya waridi iliyochongoka. Uso wake ulijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwashi wa hapo hapo, Zeferino Gutiérrez. Wenyeji wanasimulia kwamba hakuwahi kuyaona makanisa ya Ulaya, alitazama picha zake tu, kisha akapandisha lake. Nilikaa kwenye benchi chini ya ile miti iliyokatwa kama masanduku, nikalitazama lile jiwe likigeuka rangi magharibi inapokaribia, na nikamheshimu sana fundi yule.

Lakini Centro, yaani katikati ya mji, usipange. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi wastaafu wa Marekani walikuja kusoma sanaa hapo kwa fedha za serikali yao, Instituto Allende ikafunguliwa 1950, na tangu wakati huo wageni wa Marekani na Kanada hawajaacha kuja kustaafu. Mitaa ya karibu na El Jardín inapangishwa kwa bei za dola. Mimi nilitafuta Colonia Guadalupe, mwendo wa dakika 15 kwa miguu, mtaa wa mafundi na wauza mboga ambao kuta zake zimejaa michoro mikubwa: ndege, bibi vizee, mahindi, macho.

Sasa nieleze ile nyota iliyopotea. Chumba nilikipata kupitia wakala. Picha aliyonitumia ilikuwa ya kibaraza chenye meza, kikombe cha kahawa, na minara ya Parroquia nyuma yake. Nilipofika, kibaraza hakikuwepo. Picha ilipigwa juu ya paa, ambako unapanda kwa ngazi ya chuma iliyosimama wima, unapita tangi jeusi la maji na kamba za nguo, halafu ndipo unaona minara hiyo, kwa mbali. Mwenye nyumba hakujua habari ya picha hiyo. Alipoiona kwenye simu yangu alikaa kimya, kisha akapandisha meza ndogo na kiti juu kwa mikono yake, mwanamke wa miaka 67. Nilimkimbilia kumpokea kile kiti. Siku ya kuondoka, wakala huyo huyo alikata peso 1,200 kwenye amana yangu, eti za usafi, wakati chumba nilikipiga deki mwenyewe na mwenye nyumba akakikagua mbele yangu. Sikurudishiwa. Chumba ni chema, njia niliyopitia kukipata ndiyo mbovu.

Jina la mwenye nyumba sitaliandika. Mtaani wanamwita Doña na jina lake la kwanza, kwa heshima ile ile tunayoweka tukisema Mama fulani, nami hapa nitamwita Doña tu.

Chumba kiko ghorofa ya pili, sakafu ya vigae vyekundu, kitanda cha chuma, dirisha moja linalotazama mashariki. Januari kuna baridi. Hakuna anayekwambia, kwa sababu ukisikia Mexico unafikiria jua. Mchana unavaa shati, usiku mmoja simu yangu ilionyesha nyuzi 4, na nyumba hizi za mawe hazina cha kuzipasha moto. Doña alinipa blanketi tatu za sufu nzito. Chukua soksi nene na sweta kutoka nyumbani, usidanganyike. Maji ya moto yanatokana na mtungi wa gesi ulio juu ya paa. Siku ya tisa gesi iliisha nikiwa na sabuni mwilini, lakini lori la gesi lilipita asubuhi ile ile, kijana akipiga kelele mtaa mzima, “Gaaas!” Maji ya bomba usinywe, nunua yale ya madumu ya lita 20. Intaneti haikunikosesha kazi hata siku moja.

Wanaofanya kazi na Kampala wazingatie tofauti ya saa tisa. Saa mbili asubuhi ya Ntinda, San Miguel ni saa tano usiku. Nilikuwa naanza kazi watu wanalala, namaliza saa kumi alfajiri mbwa wa kwenye mapaa wakinisindikiza. Doña aliuzoea mwanga wa dirisha langu. Yeye mwenyewe alikuwa anaamka saa kumi na moja, kwa ajili ya mahindi.

Na kwa ajili ya mahindi hayo ningelipa hata zaidi.

Sisi watu wa posho, yaani ugali, tunadhani tunayajua mahindi. Usiku Doña alikuwa anachemsha sufuria ya mahindi makavu na maji, anatia kijiko cha chokaa, ile chokaa nyeupe kabisa, ya chakula. Anazima moto, anafunika, anaacha mpaka alfajiri. Mara ya kwanza nilipofunua sufuria ile nilirudi nyuma: maji yamekuwa ya manjano, mazito, yananuka kama ukuta mpya uliopakwa rangi baada ya mvua. Anamwaga maji yale, anaingiza mikono, anasugua punje kati ya viganja. Maganda yanatoka kama ngozi nyembamba, yanaelea. Kinachobaki ni punje laini, nono, unaibonyeza kwa kucha inaachia. Hiyo ndiyo nixtamal. Anaipeleka kwa mashine ya kusaga mtaa wa pili kwenye ndoo iliyofunikwa kitambaa, nami nilikuwa naibeba mimi. Tunarudi na donge la unga lenye uvuguvugu.

Kisha anakata tonge, analiviringisha, analiweka kwenye chuma cha kubania kati ya karatasi mbili za nailoni, anakandamiza mara moja. Anaibandua kwa kidole, anaitandaza kwenye comal, ambalo ni kama kikaango chetu cha chapati. Upande mmoja, upande wa pili, wa kwanza tena, na hapo tortilla inafura katikati kama shavu la mtoto. Yangu ya kwanza haikufura, wala ya kumi. Iliyofura ilikuwa ya Februari mwishoni. Doña alipiga makofi akaniambia, “Sasa unaweza kuoa, mijo,” yaani mwanangu, na ndiyo siku aliyoacha kuniita kijana.

Mpaka leo jambo hili linaniuma. Mahindi yalizaliwa Mexico, na watu wa huko waligundua zamani sana kwamba yakipikwa na chokaa yanalisha zaidi: kuna vitamini, niasini, iliyofungwa ndani ya punje, na chokaa huifungua. Mbegu zilipovushwa bahari kuja Ulaya na Afrika, maarifa ya chokaa hayakupandishwa merikebuni. Ndiyo maana huko Italia na kusini mwa Marekani, maskini waliokula mahindi matupu walipata pelagra, ngozi zikababuka na akili zikavurugika. Tulipewa punje bila maelezo yake. Nilimweleza Doña kwamba kwetu tunasaga yakiwa makavu, akaniuliza kwa huruma ya kweli, “Na hakuna aliyewaambia?”

Jikoni kwake nilikutana na ndugu zetu wengi wa jinsi hiyo. Nyanya, pilipili, ovakado, boga, papai: vyote asili yake pande zile. Vanila, ambayo rafiki zangu wa Mukono wanaichavusha ua moja moja kwa kijiti na kuilinda usiku kwa panga, ni mmea wa Mexico, wa watu wa Totonac. Mkonge wa Tanga ulitoka Yucatán. Na siku Doña alipokaanga simsim na karanga ili kutengeneza mole, mchuzi wao mzito, nilisimama mlangoni nikasikia harufu ya odii, siagi yetu ya simsim na karanga, nikamkumbuka mama yangu Arua hata ikabidi nimpigie simu usiku wa manane wa kwake.

Siku mbili baada ya kufika kwangu ilikuwa tarehe 6 Januari, sikukuu ya Wafalme. Wanakata mkate mkubwa wa duara uliopambwa matunda makavu, na ndani wanaficha sanamu ndogo za mtoto. Anayekuta sanamu kwenye kipande chake anadaiwa tamales kwa wote waliokuwepo, za kuliwa tarehe 2 Februari, siku ya Candelaria. Ikanipata mimi. Tulikuwa watu 11 mezani, nikiwajua kwa siku mbili tu, na tayari nina deni la kindugu. Tamales ni donge la mahindi lenye kitoweo ndani, hufungwa kwenye ganda la hindi na kuiva kwa mvuke. Ukiijua luwombo, kile kitoweo cha Waganda kinachoivishwa ndani ya jani la ndizi, utaelewa mara moja. Huko kusini wanazifunga kwenye majani ya ndizi, Muganda angedhani yuko kwao.

Tatizo ni kwamba tamales hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, na maharage pia mara nyingi hukaangwa nayo. Ndugu Mwislamu, uliza kila mahali, sema neno manteca uone wanavyojibu. Kwenye vibanda vya mjini nilikula mayai, jibini na maua ya boga. Kwa Doña sikuhitaji kuuliza mara mbili. Alinunua sufuria mpya, akaifunga utepe mwekundu kwenye mpini, akawatangazia watoto na wajukuu kwamba hiyo ni ya mgeni, na nguruwe asiingie humo. Zile tamales 40 za deni langu tulizikanda kwa mafuta ya mimea. Shemeji yake alilalamika kwamba zimekosa ladha, akala sita.

Ramadhani ilianguka mwezi wa tatu, na siku chache baadaye wao wakaingia Kwaresima. Nilimweleza kwamba sili wala sinywi hata maji mpaka jua lichwe. Akanishika paji la uso kama anayepima homa. Kisha akapanga kila kitu bila kuniambia. Nikimaliza kazi saa kumi, nakuta daku mezani: maharage, mayai, tortilla zilizofunikwa kitambaa, bilauri ya atole, ambayo ni uji wa mahindi, na yeye ndiye niliyemfundisha kuuwekea tangawizi. Saa ya magharibi kwetu Uganda haibadiliki sana mwaka mzima, kule ilikuwa inasogea kila wiki, na Doña alikuwa anapanda ile ngazi ya chuma kutazama jua mwenyewe, anashuka akisema, “Bado,” au “Limezama.” Ijumaa zao hawali nyama, kwa hiyo futari ya Ijumaa tulikula sawa: supu ya dengu, samaki, na capirotada, mkate uliolowekwa kwenye maji ya sukari guru, wenye jibini na karanga.

Kuna kitu kimoja lazima nikiseme. Simu ilinionyesha kibla upande wa kaskazini-mashariki, na kwenye ukuta ule ilitundikwa picha ya Bikira wa Guadalupe. Sikusema neno. Ni nyumba yake, na yule ndiye mlinzi wake tangu utotoni. Siku ya pili au ya tatu aliniletea shuka safi akanikuta nimesujudu. Nilipotoka nje jioni na kurudi, picha ilikuwa imehamia sebuleni, na kwenye msumari wake hakukuwa na kitu. Hatukuzungumza juu yake mpaka naondoka.

Kelele zipo, tena nyingi. Baruti zinalipuka alfajiri kwa ajili ya mtakatifu huyu au yule, kengele, majogoo, lori la taka na kengele yake. Anayelala usiku kama watu wote atapata shida. Lakini usiku wa kuamkia Jumapili inayotangulia Jumapili ya Matawi nilikesha kwa hiari yangu, kwa sababu usiku huo wanaleta sanamu ya Yesu iitwayo Señor de la Columna kwa miguu kutoka patakatifu pa Atotonilco, kilomita kama 14. Kulipopambazuka barabara ilikuwa imetandikwa majani ya shamari na maua, na umati ulipoyakanyaga, harufu ikapanda mpaka kwenye madirisha. Maelfu ya watu, na unasikia nyayo tu.

Kuhusu rangi yangu: watu wanatazama, watoto wanauliza, wengi wanadhani umetoka Cuba. Sikutukanwa hata mara moja. Muuza matunda wa Mercado Ignacio Ramírez ndiye aliyenikumbusha kwamba Vicente Guerrero, rais aliyefuta utumwa Mexico mwaka 1829, alikuwa na damu ya Kiafrika, na kwamba pwani ya majimbo ya Guerrero na Oaxaca kuna watu weusi ambao katiba iliwatambua rasmi 2019 tu. Tangu siku hiyo alinipimia mapapai kwa jina la “paisano”, mtu wa kwetu.

Mwenye magoti mabovu asipange mtaa huu. Yale mawe hayana huruma, na viatu vya soli nyembamba niliviua kwa mwezi mmoja. Anayetaka kuishi kwa Kiingereza pia abaki Centro, Doña hajui hata neno. Jifunze Kihispania cha miezi mitatu kabla ya kwenda, vinginevyo utakaa naye jikoni mkitabasamu tu, na vyote nilivyovieleza hapa vitakupita.

Nilirudi na chuma cha kubania tortilla, kilo mbili na kitu, afisa wa Entebbe akakigeuza mara tatu akidhani ni kifaa cha gari, na pakiti mbili za chokaa. Mahindi nanunua soko la Kalerwe, yale meupe makavu ya kawaida, na yanakubali vizuri. Pakiti moja nilimpelekea mama yangu Arua. Ilibidi nimwelekeze kwa simu hatua kwa hatua, naye akabisha kila hatua, kwamba chokaa ni ya ukuta. Wiki iliyofuata alinipigia saa kumi na mbili asubuhi. Hakusalimu. Alisema, “Maganda yametoka.”

Kwa anayetaka chumba: Doña anapokea mpangaji mmoja tu kwa wakati, na anapenda anayekaa zaidi ya mwezi. Usipitie wakala. Lala siku mbili tatu kwenye nyumba ya wageni ya bei ndogo, kisha panda Colonia Guadalupe asubuhi mapema, uliza kwenye mashine ya kusaga nixtamal ni nani mwenye chumba cha juu na sufuria yenye utepe mwekundu. Watakuelekeza.